Alama Nane Chini ya Kigoda

Nimestaafu mwezi wa pili sasa, na vijana wa ofisini wamenitaka niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kutunza vitu vya asili hapa Pemba. Nadhani walitegemea kurasa mbili tatu za nasaha na mzaha. Mzaha upo, nitautia. Lakini kuna jambo moja ambalo kila nikikaa kuandika mengine linanizuia mkono, basi nimeona niliandike hilo. Siku ya kuniaga mlisimama mmoja mmoja mkasema nimefanya kazi kwa uaminifu, mkanipa kanzu na saa ya ukutani, nami nilikaa pale mbele nikitazama viatu vyangu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Aliyestahiki kuombwa ruhusa nimemuomba, na amesema niandike.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na mbili, na cheti cha skuli nilichokikunja mara nne mfukoni. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kirefu cha bati, zamani ghala la karafuu, na harufu ya karafuu ilikuwa bado imo ukutani. Aliyenipokea ni Mzee Shaame, seremala, mtu mfupi mwenye kofia iliyochanika kwenye ukingo, ambaye hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani lakini aliweza kukwambia mti wa kitu chochote kwa kukiramba. Simzushii. Akitia ncha ya ulimi kwenye kona ya sanduku, akitulia kidogo, akisema huu mfenesi, au huu mtondoo. Mimi nilijaribu kwa miaka mitatu na sikupata chochote ila vumbi mdomoni.

Asubuhi ile ile aliniwekea ngoma mezani. Akaniuliza, "Hii nini?"

"Ngoma, mzee."

"Ya nini?"

"Ya kupiga."

Akanitazama kwa huruma. "Haya. Nenda Kengeja, huko ndo ilikotoka, ukaulize ya nini. Usirudi mpaka ujue."

Basi nikaichukua. Yeye alitaka niende mimi, si ngoma, lakini sikuelewa. Nikapanda nayo lori la abiria, nimeipakata mapajani mchana kweupe, na njia nzima watu wakiniangalia kwa namna ambayo nilidhani ni heshima kwa mfanyakazi wa serikali. Nilipofika Kengeja wanawake waliokuwa wakimenya muhogo uwanjani waliniona na ile ngoma, wakaacha visu vyao, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Ilikuwa ngoma ya unyago, ya wanawake watupu, ambayo hupigwa ndani wasichana wakifundwa, na mwanamme haishiki. Nilirudi nimeifunika kwa koti langu. Mzee Shaame hakucheka, alinipa daftari tu akaniambia niandike nilichojifunza. Niliandika mstari mmoja: kwanza muulize mwenyewe. Mstari huo niliwasomea kila kundi la vijana walioingia ofisini baada yangu, na kila nikiusoma nilijua kwamba mimi mwenyewe niliuvunja.

Kazi yenyewe, kwa wale wanaodhani tulikuwa tukifuta vumbi tu: ni kweli, mara nyingi tulikuwa tukifuta vumbi. Brashi laini, isiyopata kutiwa rangi. Kitambaa cha kanga kuukuu, kwa sababu kipya kina wanga. Mikeka haikunjwi, inaviringishwa, na ndani inatiwa karafuu kavu ili wadudu wasiikaribie. Dawa ya dukani inanuka na haifanyi kazi zaidi. Njuga za msewe, zile za ukindu wanazofunga wachezaji miguuni, zitundikeni, msizilaze, maana panya wanazipenda zile mbegu za ndani. Na kila mvua ya masika kagueni bati kabla ya kukagua kitu kingine chochote.

Wageni walikuwa kazi nyingine. Wengi walikuja na picha tayari kichwani. Wakiingia, wakizunguka, wakitazama mikeka, vigoda, mbuzi za kukunia nazi zilizochongwa, zumari, vyetezo, kisha wanauliza vinyago viko wapi. Nikiwaambia hapa hatuna vinyago, uso unaanguka. Mmoja aliniuliza sisi kabila gani. Nikamwambia Wapemba. Akauliza tena, hapana, kabila. Nikamwambia basi tuseme Wapemba sana. Aliandika.

Niseme pia habari ya zumari, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kukosea bila ya kujua. Tulikuwa na zumari ya zamani, yenye pete za fedha, inayopigwa kwenye mchezo wa ng'ombe. Mwenyewe alituwekea kwa sharti kwamba msimu wa mchezo ukifika ataichukua akapige, kisha airudishe. Kila mwaka ikirudi na mate, na matope, mara moja na ufa. Mimi nilikuwa nikiumwa na roho. Nilimwambia Mzee Shaame kwamba kitu kilichoingia ghalani kimekwisha kazi yake, sasa ni cha kutazamwa. Alikuwa anatia gundi kwenye ule ufa. Aliniambia, "Faki, we unakitaka kizima. Mwenyewe anakitaka kilie." Nikaona mzee amechoka, hajui mambo ya kisasa.

Alipostaafu nikakabidhiwa mimi funguo. Mwaka uliofuata nikapelekwa bara kwa mafunzo ya wiki mbili ya kuhifadhi vitu vya kale. Nilirudi na sanduku la bati lenye pamba, spiriti, msasa laini wa namba tatu, vanishi, glovu, na kiburi ambacho hakikuhitaji sanduku. Nilivaa zile glovu hata kwa kufungulia mlango.

Miezi michache baadaye tukaambiwa tuandae maonyesho. Mkubwa mmoja angekuja kuyafungua, na vilitakiwa vitu ambavyo havijapata kuonekana. Nilikuwa nimesikia habari za nyumba moja upande wa Micheweni, ya Bi Kidawa, kwamba wana kigoda cha kusingia maharusi cha tangu bibi wa bibi yake. Nikaenda.

Bi Kidawa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mjane, aliyekuwa akiishi na mjukuu wake mmoja, Rukia. Alinikaribisha ukumbini, akanipa kahawa na tende, akanisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza. Kisha akakitoa. Kigoda cha mfenesi, kipande kimoja cha mti, miguu minne mifupi, na ukingoni kimechongwa mkufu unaozunguka bila ya kuonekana ulipoanzia. Bi harusi hukalishwa juu yake siku saba za mwisho, akasuguliwa singo ya manukato, akapakwa hina, akaambiwa ya kuambiwa. Kwa miaka yote ile mti ulikuwa umenywa mafuta, liwa na mawaridi mpaka umekuwa mweusi wenye wekundu ndani yake. Ukikiinamia unanusa harusi.

"Chukua, mwanangu," aliniambia. "Lakini kina kazi mwezi wa sita, Rukia nnamuoza. Kije kabla. Na usikitie kitu. Kiache vivyo kilivyo."

Nikamwambia, "Usiwe na wasiwasi, bibi. Sisi ndiyo kazi yetu."

Yeye hakuniambia kwa nini kisitiwe kitu, na mimi sikumuuliza. Mambo ya kigoda kile ni ya wanawake, angenieleza vipi? Lakini ningeweza kuuliza. Ningeweza kumtuma mwanamke mwenzake akaulize. Nililichukua lile neno lake kama maneno ya kizee, ya kumwambia mtu achunge asivunje.

Nilikisafisha siku tatu. Pamba na spiriti juu, pamba na spiriti pembeni, na kila kipande cha pamba kilipotoka cheusi nilifurahi. Nilipokigeuza chini nikaona madoa ya rangi ya kahawia, yamejipanga karibu na miguu. Nikadhani ni ukungu, au mafuta yaliyopenya. Spiriti haikuyatoa, nikatumia msasa. Kisha vanishi, mara mbili, juu na chini. Kiling'ara hata ungeweza kujitazama. Sikupiga picha kabla, ijapokuwa bara walitufundisha siku ya kwanza kabisa kwamba hakuna kushika kitu bila ya kukipiga picha. Kamera ilikuwa mezani. Nilikuwa na haraka ya kuona kitakavyopendeza.

Maonyesho yakafunguliwa, mkubwa akasifu, kigoda kikakaa ndani ya kabati la kioo na taa juu yake. Wiki ya pili, asubuhi, akaja Rukia pamoja na binamu zake wawili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye sauti ndogo, na alitembea mpaka kwenye kioo moja kwa moja bila ya kutazama kingine.

"Kinang'ara!" akasema. Binamu zake wakacheka. Akanigeukia. "Bwana Faki, nakuomba. Unifungulie nikitazame kwa chini. Kidogo tu."

"Chini kuna nini?"

Akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Bibi hakukwambia? Si ya wanamme hayo. Lakini weye ndo nkuu wa hapa, ushakishika kila pahala." Akasogea. "Kila bi harusi wa kwetu akishatiwa hina, kabla haijakauka, hutia dole gumba lake pale chini. Yako manane. La mwisho la mama. Mie nitatia la tisa."

Nikakitazama kigoda ndani ya kioo. Yeye akadhani namsikiliza, akaendelea.

"Mama kafa siku ya kunizaa mie. Na picha hakupiga hata moja, babu alikuwa hataki mapicha. Hakuna kitu chake kingine. Bibi kanambia ntaliona siku yangu, kabla ya hapo haonyeshwi ntu. Lakini mie nimeshindwa kungoja. Ntatia dole langu juu ya lake nione kama tu sawa."

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Niliuhisi kwenye paja. Nikamwambia ufunguo anao mwenzangu, na mwenzangu yuko safarini. Akasema haidhuru, mwezi wa sita si mbali. Akanishukuru kwa kukiweka kigoda cha kwao vizuri namna ile. Alipofika mlangoni aligeuka mara moja kukitazama.

Ningemwambia pale pale. Ningekwenda Micheweni siku ile ile nikapige magoti kwa Bi Kidawa. Nimeyafikiri hayo miaka yote hii, na kila nikiyafikiri naona yalikuwa rahisi. Lakini nilichokifikiri wakati ule ni jina langu ofisini, na mafunzo ya bara, na yule mkubwa aliyesifu. Nikafikiri kitu kingine pia: kwamba nilikuwa fundi, na fundi hurekebisha.

Nikanunua hina. Nikaijaribu kwanza kwenye vipande vya mfenesi nilivyovipata kwa seremala. Ukiikoroga na maji matupu haishiki. Ikikorogwa na chai nzito na ndimu, ikalazwa, inaingia kwenye mti. Nikangoja Ijumaa, saa ambayo ofisi nzima imekwenda msikitini. Nikafunga mlango, nikakitoa kigoda, nikakigeuza, nikakwangua ile vanishi ya chini. Kisha nikatia dole gumba langu kwenye hina na nikaanza kupiga alama. Ya kwanza, ya pili. Khutba ilikuwa ikisikika kwenye kipaza sauti, khatibu akizungumzia amana. Siongezi neno, alikuwa akizungumzia amana, na mimi nikaendelea. Zile za zamani nikazifanya hafifu, nikazisugua kwa mafuta ya nazi na vumbi la masizi. Ile ya nane, ya mama yake Rukia, nikaipiga kwa uangalifu zaidi, karibu na mguu, na nikaiacha ikolee. Nilipomaliza nikarudi nyuma kutazama, na haya ndiyo yanayonitia haya kuliko yote: niliona nimefanya kazi nzuri. Kwa muda wa kama dakika nzima nilifurahia ufundi wangu. Sala ya Ijumaa ile ilinipita.

Mwezi wa sita nikakipeleka mwenyewe. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wanapepeta mchele, wanakatakata vitunguu. Bi Kidawa alinipokea kwenye chumba cha pembeni, Rukia nyuma yake akichungulia. Akakishika. "Kimeng'ara," alisema, basi. Akakipeleka dirishani, akakigeuza, akakitazama. Alikitazama muda mrefu. Kisha akamwambia Rukia akamletee mgeni maji ya kunywa, na msichana alipotoka akaurudisha mlango.

"Nioneshe nkono wako wa kulia."

Nilikuwa nimefunga plasta kwenye dole gumba. Ndimu nilitia, sabuni ya kufulia nilitia, na hina haikutoka. Mnajua hina ilivyo kwenye ukucha. Nikamwambia nimejikata.

"Toa hiyo plasta."

Nikaitoa. Ukucha ulikuwa mwekundu kama wa bi harusi. Alikitazama kile kidole, kisha kigoda, kisha uso wangu. Nilimngojea apige kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Yote manane?" akaniuliza.

"Yote, bibi."

"Na la mwanangu?"

"Na hilo."

Akakaa kitandani, kigoda mapajani. Aliikunja midomo, akawa anaupitisha mkono wake kwenye ule mkufu wa pembeni, akizunguka na kuzunguka. Nje wanawake walikuwa wakicheka jambo. "Ntoto asijue," alisema mwishowe. "Siku saba zake ndo zinaanza leo. Miaka kumi na tisa namwambia, ngoja, utamuona mamaako. Mie leo ntamwambia nini? Nkiwa hai mie, usifungue mdomo. Nkifa, ni juu yako wewe na Mola wako."

Rukia akaingia na bilauri ya maji. Nikayanywa. Sikuwa na uwezo wa kukataa.

Siku ya hina, nilivyokuja kujua baadaye, Bi Kidawa mwenyewe ndiye aliyemshika mjukuu wake mkono akamuonyesha dole la mama yake. Mwanamke yule hakupata kusema uongo. Jirani walikuwa wakimwita awe shahidi katika mambo yao. Mimi nilimfanya aseme uongo kwa mtu aliyempenda kuliko wote, na afe nao. Kwa miaka yote iliyofuata kila nikikutana naye alinisalimia kwa taratibu, "Hujambo, Bwana Faki? Wazima nyumbani?" na kila sikukuu alikuwa akinitumia mkate wa kumimina. Niliula. Mke wangu alikuwa akisema bibi wa Micheweni anakupenda, nami nikisema ndiyo.

Mengine ya kazini nitayapitia haraka, maana mengi mnayajua. Tulihamia jengo lenye sakafu. Tulipata kabati za chuma. Mzee Shaame alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, bila ya kujua. Nilikwenda mara mbili nyumbani kwake nimwambie, na mara mbili nilirudi baada ya kuzungumza habari za mvua. Nikawa mimi ndiye ninayepelekwa kuwafundisha wengine maadili ya kutunza urithi, na nilikuwa mwalimu mkali. Kijana mmoja alipata kupaka mafuta kwenye chetezo bila ya ruhusa, nikamsema mbele ya watu mpaka akatokwa na machozi. Kijana huyo anajijua. Namuomba radhi hapa, na nitamuomba pia nikimuona uso kwa uso.

Bi Kidawa alifariki mwaka jana. Nilikwenda kuzika. Mwezi uliopita, nimeshastaafu, nikasikia sokoni kwamba Rukia anamuoza binti yake mkubwa, na kigoda kinatolewa. Siku kumi zilikuwa zimebaki. Nikakaa siku mbili nikijiambia kwamba sasa kweli itamfaa nani, kwamba Rukia amepata faraja yake, kwamba bibi mwenyewe aliificha. Yote hayo yalikuwa na sura ya huruma, na yote yalikuwa yakinilinda mimi. Siku ya tatu nikaenda.

Rukia sasa ni mwanamke wa makamo, analima mwani, mikono imekauka kwa chumvi na kamba. Alinikaribisha ukumbini, pale pale. "Mzee Faki! Umekuja kukifuata tena?" akanitania. "Hupewi."

Nikamwambia. Nilianza na siku ile ya kioo, kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni. Nikamaliza na plasta. Sikutafuta maneno mazuri, na sikumuomba msamaha kabla sijamaliza, nisije nikamfanya anihurumie katikati.

"Bibi alijua?"

"Alijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Akatazama mlango wa chumba cha bibi yake. "Kila Ijumaa mie nnakitoa," alisema polepole. "Nnatia dole langu pale, nnamsomea mama Fatiha. Miaka yote hii. Kumbe nnashika dole lako weye."

Akainuka, nikadhani ananifukuza. Akarudi na kigoda, kisu kidogo na kipande cha msasa. Akaviweka mbele yangu juu ya mkeka. "Futa yako. Langu uliache."

Nikafanya kazi ile mbele yake. Macho yangu si ya zamani, na ilinichukua muda mrefu. Nilikwangua moja moja. Yeye alikaa na miguu yake ameikunja, akivuta kigoda kila nikikaribia la kwake ili kisu kisiteleze. Binti yake alipita mara moja, akauliza tunafanya nini. Mama yake akamwambia tunasafisha. Mwishowe ikabaki alama moja tu, ndogo, iliyofifia kwa haki yake, na pembezoni mwake mti wa manjano wa mfenesi.

Rukia akapuliza unga wa mti. Akaupitisha mkono pale mahali pa mama yake, ambapo sasa hapakuwa na kitu.

"Ntu wa mwisho kuliona dole la mama ni weye," akasema. "Si bibi, si nani. Weye ulikuwa nalo mbele ya macho. Nambie, lilikuwaje? Dogo? Lilikuwa kama langu?"

Alikuwa ameinamisha uso, anangoja. Na jibu lilinijia wakati ule ule, tayari, zuri: lilikuwa dogo, Rukia, dogo kama lako, limelala kidogo upande. Lingemtosha mpaka kufa kwake. Nililihisi liko kwenye ulimi.

"Sijui," nikamwambia. "Nililifuta bila ya kulitazama."